Bawa la Juu Lilirudi Nyuma

Enzi zetu, sisi tuliokulia Shumba Viamboni, hatukununuliwa vya kuchezea dukani. Wavulana waliunda magari ya vibati vya maziwa, na sisi wasichana tulipikiana wali wa mchanga kwenye vifuu mpaka tuitwe chuoni kusoma Kurani. Dada yangu Zuwena, aliyenizidi miaka mitano, hakupika. Yeye alitengeneza ndege.

Alianza siku mwalimu alipotukusanya wakubwa na wadogo, akatuonyesha kitabu chenye picha ya ndege ya zamani yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Wengine tulicheka. Yeye aliinama hadi pua ikagusa karatasi.

"Tazama," aliniambia, "la juu limetangulia mbele kidogo. Hayalingani."

Tangu hapo nyumba ilijaa vijiti vya makuti na mifuko ya plastiki. Bawa la juu likirudi nyuma, kindege kilizamisha pua na kuanguka. Akilisogeza mbele upana wa vidole viwili, kilielea uwanja mzima hadi kwenye majamvi ya karafuu. Mama alikuwa akisema kila siku, "Mtoto wa kike, juu huko unatafuta nini?"

Likizo moja akaunda ndege kubwa, ya mianzi na mashuka, ya kubeba mtu. Mtu mwenyewe ni mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Tuliipandisha juu ya jabali la pwani, kimo cha watu wawili, akanifunga kifuani kwa kamba za usumba wa nazi. Nilitazama chini. Upepo ulipotikisa mabawa, nilijikojolea.

"Dada, nifungue! Nakufa!"

Alinitazama, kisha akanifungua. "Haya, toka. Naingia mwenyewe."

Nilitoka kwa pupa, nikaishika nguzo ya mbele. Kamba iliyolishikilia bawa la juu ikalegea, nalo likateleza nyuma hadi likapitwa na la chini. Nililiona. Nilijua maana yake kuliko mtoto yeyote wa Shumba. Lakini nilihofu kwamba nikisema atalikaza, kisha anirudishe mimi. Nikanyamaza.

Alikimbia hatua nne. Ndege ilizamisha pua pale pale. Sikusikia ukelele, nilisikia mianzi ikivunjika tu. Nilipochungulia, alikuwa kalala kifudifudi, shuka limemfunika, hatikisiki. Nilikimbia nyumbani kuita watu nikiamini nimemuua dada yangu, na njia nzima, Mungu anisamehe, nililoliogopa zaidi ni kuulizwa.

Alivunjika mkono, na mpaka leo haujanyooka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Miaka na miaka nililala na jambo hilo, hadi Sikukuu iliyopita, tukiwa wawili tu tunamenya vitunguu, nikamwambia.

"Niliisikia ile kamba ikilegea," alijibu bila kuinua kichwa. "Ila niliona nikisimama kuikaza, nami nitaogopa kama wewe."

Watoto wetu wa siku hizi wanarusha ndege kwenye simu, wamejilaza kwenye makochi, na kijiti cha ukuti hawajui hata kinachongwaje. Ndege ikianguka wanagusa kioo, wanapewa nyingine. Huwacheka, nikawaita wavivu. Lakini mwanangu akipiga kelele chumba cha pili, "Imeanguka!", huacha sufuria motoni nikakimbia kwenda kumtazama mikono.