Nilikuwa natoroka Mgeta, jumuiya wakaniachia Mama Maria

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi. Mwenye haraka apite.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nimevuna mpunga Dakawa, nimebeba magunia Gairo, nimeuza kahawa Ngerengere. Nikichoka mahali, nachukua begi. Aliyenituliza ni mke wangu, Paskalina. Alinirudisha huku milimani Mgeta tulime kabichi.

Masika iliyopita Paskalina akafariki.

Hapo ndipo nilipojua nchi hii ina wataalamu wa faraja. "Mungu amempenda zaidi." Sawa, kwa hiyo mimi nilikuwa nampenda kidogo? Mwingine alinihimiza nishukuru kwa kila jambo, mdomoni ana pilau ya msiba.

Nikaacha kanisa, nikaacha jumuiya yetu ya majirani tunaosali pamoja. Jikoni sikuwasha moto tena. Nilikula maandazi nimesimama, kama mlinzi wa getini.

Sio siri, nilikuwa sioni sababu ya kuamka.

Oktoba nikafunga begi. Nikaongea na bodaboda, Jumamosi anishushe Morogoro mjini. Basi la kwenda wapi? Ningejua stendi.

Jumamosi asubuhi nasikia hodi. Natoka na begi langu, nakuta jumuiya nzima inaimba, kila mtu na sauti yake. Mbele yupo mwenyekiti wetu, Mama Koleta, amekumbatia sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa kwake wiki iliyopita.

Kwa wasiojua: mwezi wa rozari sanamu inazunguka nyumba kwa nyumba. Inakaa kwako wiki, majirani wanakuja kusali kila jioni, halafu unaipeleka mwenyewe kwa anayefuata.

"Shikamoo mama. Mimi nasafiri."

"Marahaba baba. Utasafiri tu. Zamu ni yako, shika."

"Mpeni mwingine."

"Nimrudishe Mama Maria kutoka mlangoni kwako? Ubavu huo sina. Mrudishe mwenyewe."

Jamani! Begi chini, sanamu mikononi. Bodaboda mwenyewe hakutokea.

Basi nikawa mfungwa, na askari magereza ni wa plasta, mkono wake umeunganishwa kwa gundi.

Ikabidi nifagie, maana huwezi kumkaribisha kwenye utando wa buibui. Ikabidi nitafute kitambaa cha meza, kikatoka kile alichofuma Paskalina. Jioni watu wakaja wanatetemeka kwa ukungu wa huku, utawanyima chai? Nikawasha moto. Nyumba ikanuka moshi, ikawa nyumba.

Jioni moja Mama Koleta akaniambia niongoze rozari. Nikaanza vizuri. Nilipofika kwenye yale maneno ya Salamu Maria, "saa ya kufa kwetu", sauti ikagoma.

Nikasubiri hotuba. Haikuja. Mvua tu ikapiga bati.

Kisha Mama Koleta akasema, "Tupo, baba. Ukiwa tayari."

Nikamalizia. Sikuona malaika, msije na maswali. Ila tangu mazishi nilikuwa nagombana na Mungu kama mtu anayegombana na ukuta. Jioni ile niligombana naye akiwepo. Nililala usingizi, na asubuhi nikaamka na hamu ya kwenda shamba.

Wiki ilipoisha nikaibeba sanamu kwa jirani yangu, Mzee Klementi. Njiani nikakutana na yule bodaboda, ambaye pia ni mpiga ngoma wa kwaya. Anacheka.

"Kaka, bado unasafiri?"

"Uliniacha kwa nini?"

"Zamu ilikuwa ya Mzee Klementi. Nilipomwambia Mama Koleta una safari na hujui uendako, akaihamishia kwako siku ileile."

Huko ndiko kutunziana siri Mgeta.

Nilichojifunza: nilidhani matumaini yatashuka na radi. Yalikuja na watu wasioalikwa, wanaimba vibaya na wanataka chai. Kristo anajua wa kumtuma.

Wale wa "mnaabudu sanamu", nawaona mnaandika. Andikeni, tumeshazoea. Na mwenye giza lake aliweke hapa. Hatutamwambia "Mungu amempenda zaidi."

Begi bado ninalo. Humo nimehifadhi mbegu za njegere.