Mwalimu wa Kwaya na Kipimajoto

Mwalimu wa kwaya hapangi nyama choma ya Aprili kabla ya kukigongagonga kipimajoto kwa kidole, kama anavyomgonga bega mwimbaji aliyesinzia. Jumamosi hiyo kilionyesha nyuzi tatu juu ya sifuri, akaapa kwamba theluji haiwezi kuanguka; ikianguka, mwakani tarehe apange Domina wa sauti ya pili. Walipofika uwanjani Spånga, mtaa wao wa ughaibuni, na kuweka mishikaki jikoni, ikaanguka.

"Mwalimu, kule mawinguni bado ni barafu tupu," alisema Domina, akijizuia kucheka. "Inatufikia kabla haijayeyuka. Mwakani napanga mimi."

Mwalimu alifuta miwani taratibu, akaitazama mbingu kwa huruma.

"Hii ni mvua, dada. Haijamaliza tu kuyeyuka."

Akaendelea kugeuza mishikaki, mabega yakizidi kuwa meupe.