Viungo Sita vya Retno Palupi

Retno Palupi alizaliwa Malang, mji wa milimani kisiwani Java ambako watoto hujifunza kugeuza maneno kinyumenyume kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Ukitaka kumsengenya mwalimu naye amesimama hapo hapo, unaligeuza jina lake. Retno alikuwa hodari kuliko wenzake wote wa mtaa. Ungemtupia neno refu kama treni, angekurudishia limegeuzwa kabla hujafumba mdomo.

Mama yake aliuza jamu, dawa ya kunywa ya mizizi na majani. Kila asubuhi alifunga kikapu cha chupa mgongoni akazunguka nyumba kwa nyumba. Kazi ya kuponda ilikuwa ya binti, na Retno alijua kwa pua tu kipi ni kipi, hata macho akiwa ameyafunga. Mama alipofariki, Retno alikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa hesabu, hajaolewa wala hana haraka ya kuolewa. Kilichomshika wakati wa msiba ni michezo ya kompyuta ya mtindo wa zamani, ile isiyo na kupigana wala kukimbizana. Unaonyeshwa chumba, unabofya droo, unaokota ufunguo, unamwuliza mzee swali, na usipotumia akili utakaa chumba hicho hicho mpaka Idi. Alipoimaliza yote aliyoipata, akaanza kutunga mafumbo yake mwenyewe daftarini.

Ndipo akakutana na Danur Wibisana, mchoraji mwenye mkono mzuri na ulimi mzuri kuliko mkono. Wakaungana. Danur alichora, Retno akatunga hadithi na mafumbo, na kijana mmoja mkimya wa Flores, kisiwa cha mashariki, aitwaye Servas akaandika programu. Mchezo ulihusu muuza jamu aliyetoweka na binti anayemtafuta kwa kufuata harufu za chupa zake. Miaka minne walikaa sebuleni kwa Retno, kwenye ile meza ya kupondea dawa.

Danur alikuwa na tabia moja. Hakufumbua fumbo hata siku moja. Retno akimwekea karatasi mbele, hugeuza ukurasa palepale.

"Nipe jibu tu, Mbak, nichore," angesema. Kule humwita mwanamke Mbak kama sisi tunavyosema dada, na mwanamume Mas, yaani kaka. "Kichwa changu ni cha rangi."

Mchezo ulipotoka ulipendwa, tena mpaka nje ya nchi. Retno aliucheza mpaka mwisho ili aone orodha ya majina. Yakapanda moja moja kwenye skrini. Michoro: Danur Wibisana. Hadithi: Danur Wibisana. Mafumbo: Danur Wibisana. Chini kabisa, kwenye shukrani, katikati ya mwenye kibanda cha kahawa na paka wa Danur, pakaandikwa: Ratna Palupi.

Hata jina lilikuwa limekosewa.

Alimfuata kwenye kibanda cha chakula alichokizoea. Danur alikuwa anakula bakso, mipira ya nyama kwenye supu, na hakuweka kijiko chini.

"Wachapishaji walitaka sura moja, Mbak. Watu wakipewa majina mawili hawakumbuki hata moja."

"Mafumbo yale ni yangu, Mas Danur. Yote. Unajua ni yangu."

"Najua. Sasa ungepanda wewe jukwaani? Wewe ambaye ukiitwa mbele ya wazazi shuleni unatafuta nguzo ya kujificha?" Akacheka, akapuliza supu. "Usilikuze jambo. Mama yako mwenyewe aliwapa watu dawa miaka thelathini. Aliandika jina lake kwenye chupa?"

Retno aliondoka. Huenda wizi angeusamehe, baada ya miaka kadhaa. Lakini kumwingiza mama yake katika ile supu, hapana.

Hakwenda kwa wakili wala hakuandika lolote mtandaoni. Alirudi kufundisha hesabu. Chuki yake hakuipigia kelele. Aliitunza kama watu wa kwao wanavyotunza chachu ya tempe, kile chakula chao cha soya, mahali pakavu, imefunikwa kitambaa, inapumua polepole. Danur alialikwa Jakarta, akaalikwa Singapore. Akaulizwa mafumbo huwa yanamjia vipi, akajibu kwamba humjia akioga. Retno alisoma kila mahojiano. Lile la kuoga alilisoma mara tatu.

Mwaka wa pili Servas alibisha hodi, mikononi ana boksi la keki, uso umejaa aibu.

"Karibu, Mas Servas. Nani kafa?"

"Mchezo wa pili ndio unaokufa, Mbak. Danur ametunga fumbo la kwanza. Ufunguo uko chini ya zulia."

"Na la pili?"

"Nalo chini ya zulia." Akakohoa. "Zulia jingine."

Retno alicheka mpaka akaketi. Kisha Servas akatoa ujumbe wake. Danur anaomba msaada, safari hii jina la Retno litaandikwa juu kabisa, ameapa. Servas alisema hayo huku akitazama keki.

"Mwambie nimekubali," Retno akasema.

"Umekubali?" Kijana alishtuka. "Mbak, mimi nimetumwa tu. Ungekataa ningekuelewa."

"Mwambie."

Alifanya kazi ile miezi mitano, kila akitoka shule. Tangu mama afariki hakuwahi kuwa na furaha kiasi kile, na aliijua ni furaha ya namna gani. Alitunga mafumbo sita, na kila fumbo mwisho wake mchezaji alipata kiungo kimoja cha dawa. Katika moja, mzizi umetundikwa jikoni kwa mjane asiyefungua mlango mpaka jogoo wake awike. Mchezaji hana budi kulifunika tundu kwa kikoi, jogoo adhani kumekuchwa, kisha kukiondoa ghafla. Jogoo anawika, mjane anajua kumekucha, anafungua. Retno alilipenda fumbo lile kama mtoto wake. Hakutaka kumpa Danur kazi mbovu. Alitaka watu waucheze mchezo ule kwa mapenzi, waufikishe mwisho.

Maana mwishoni kulikuwa na duka la dawa na mwenye duka. Danur, kama Retno alivyotarajia, alimchora mwenye duka kwa sura yake mwenyewe, ndevu zile zile, akasema pia atamtilia sauti. Mbele ya mwenye duka kuna sanduku lenye vyumba sita. Mchezaji anavipanga viungo kwa utaratibu aliouokota njiani: masoyi, adas, lempuyang, inggu, nanas, gambir. Sanduku linafunguka, na mwenye duka anasema maneno aliyoandikiwa na Retno: "Hivi sita ndivyo jina langu. Mwenye kujua kusoma atanijua."

"Lo, maneno mazito haya!" Danur alimpigia simu kumwambia. "Nimeyarekodi mara tano, Mbak. Yanasisimua mwili."

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Danur alikuwa na karatasi ya majibu mkononi, kwa hiyo hakuona sababu ya kusoma herufi za mwanzo.

Wiki moja kabla ya uzinduzi Servas alimwonyesha Retno orodha ya majina. Mafumbo: Danur Wibisana. Safari hii hata Ratna hakuwemo. Bado Retno aliweza kusema neno, na mpangilio wa viungo ungebadilishwa kwa nusu saa.

"Sawa," akasema. "Iende hivyo hivyo."

Uzinduzi ulifanyika Surabaya, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi uliojaa wanafunzi na waandishi wa habari. Retno alikaa safu ya nne na mfuko wa karanga za kuchemsha. Jukwaani Danur alivaa batiki mpya, na pembeni yake binti mmoja wa chuo, Kinasih, aliyeshinda shindano la kuucheza mchezo kabla ya wengine, akaitwa aonyeshe sanduku la mwisho kwenye skrini kubwa. Akavipanga viungo kimoja kimoja. Sanduku likafunguka. Sauti nzito ya Danur ikajaza ukumbi: hivi sita ndivyo jina langu, mwenye kujua kusoma atanijua.

Watu walipiga makofi. Kinasih hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa upande.

"Ngoja kwanza," akasema kwenye kipaza sauti. "Amesema tusome. Masoyi, M. Adas, A. Lempuyang, L..."

"Malang!" vijana wa Malang wakapaza sauti nyuma, wakipiga viti. "Mji wetu! Malang!"

"Hapana, inayofuata ni inggu," Kinasih akasema. "I. Kisha N. Kisha G."

Alisoma kimoyomoyo, akaziba mdomo. Lakini ukumbi ulikuwa umekwisha kusoma. Maling. Hakuna mtoto wa Java asiyelijua neno hilo. Ndilo watu wanalopiga kelele mwizi akionekana juu ya paa. Na pale juu ya skrini, mwenye duka mwenye ndevu za Danur alikuwa amesimama nyuma ya neno hilo, anatabasamu.

Kicheko kilianza upande wa vijana wa Malang, kikavuka safu kwa safu. Danur alitazama skrini, akatazama watu, midomo ikisoma. Kwa mara ya kwanza Retno alimwona akijaribu kufumbua kitu.

Mwandishi mmoja mwanamke akasimama. "Mas Danur, samahani. Fumbo hili umelitunga mwenyewe?"

Retno alikuwa ameusubiri mlango huo miezi mitano, kwa kuwa aliujenga yeye. Ulikuwa na njia mbili tu za kutokea. Danur akisema ndiyo, amejiita mwizi kwa kinywa chake, kwa sauti aliyoirekodi mara tano. Akisema siyo, basi ya nani?

Jasho lilikuwa limeilowesha kola ya batiki ya Danur. Kisha akamwona Retno pale safu ya nne, akanyoosha kidole, na sauti ikamtoka ikiwa nyembamba kama ya mtoto.

"Ni yeye! Retno Palupi! Yote katunga yeye, mchezo wa kwanza na huu! Amenitega!"

Ukumbi mzima ukageuka. Retno, aliyekuwa akitafuta nguzo za kujificha maisha yake yote, hakujificha. Alivunja karanga, akaila, akasimama ili waliotaka kumwona wamwone.

Alidhani angetetemeka. Lakini kitu kilichomjaa kifuani kilikuwa kitamu, tena kitamu bila haya, na tangu siku hiyo akiulizwa hasemi vingine.

Mwezi haukuisha wachapishaji wakasahihisha majina kwenye michezo yote miwili, herufi kwa herufi. Servas alikuja kumwambia ameacha kazi kwa Danur. Retno alimpa chai na akamwomba radhi, kwa sababu jambo hilo peke yake lilikuwa linamuuma: kijana amefanya kazi miaka yote ile, na sasa watu wanaucheka mchezo.

"Nilimlenga yeye, ukapata na wewe," akasema.

Servas alikoroga chai muda mrefu. "Mbak, ule mpangilio mimi niliuona mwezi wa pili."

"Ulikuwa unajua?"

"Danur alitaka nanasi liwe la kwanza. Ati rangi yake inapendeza. Nikamwambia tukiligusa, programu nzima itaanguka." Akatabasamu, jambo alilolifanya kwa nadra. "Isingeanguka. Miaka saba ananiita 'yule mtu wa mashariki' mbele ya wageni, Mbak. Jina langu anajua. Analiona gumu."

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka majirani wakachungulia.

Msimu wa mvua ulipoanza, Danur akaja mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alikaa ukingoni mwa kiti, kwenye ile meza ya kupondea, na Servas, ambaye sasa alikuwa anaandika programu ya mchezo mpya wa Retno, akabaki nyuma ya kompyuta yake.

"Mbak, andika neno moja tu mtandaoni," Danur akasema. "Sema tumesameheana. Watu wananiimbia lile neno barabarani. Watoto, Mbak. Nikinunua sigara wananiimbia."

"Nitaandika."

Danur aliinua uso.

"Cheza kwanza," Retno akasema. Akamwekea kompyuta mbele, mchezo wa pili umefunguliwa mwanzo kabisa, na kipanya mkononi. "Mchezo wako. Ucheze hapa mpaka sanduku lifunguke, usimwulize mtu jibu wala usitazame simu. Ukimaliza, nitaandika leo leo. Neno langu ni neno langu."

"Huo ni mzaha."

"Mzaha ni kuoga," Retno akasema.

Danur akaanza kubofya. Retno aliingia jikoni kukaanga tempe, akiwa ameuacha mlango wazi. Mvua ikanyesha, ikapungua, ikarudi. Saa tisa Danur alikuwa bado uani kwa mjane, anabofya mlango, anabofya jogoo, anabofya mlango. Kikoi kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba katikati ya picha. Alikichora yeye mwenyewe, kila mstari.

"Jogoo huyu ana nini?" akauliza.

Jikoni Retno aligeuza tempe kwenye kikaango.

"Mas Servas. Kaka. Nidokeze kidogo tu."

"Mimi ni mtu wa mashariki," Servas akasema bila kugeuka. "Jogoo wa huku siwajui."

Retno alileta tempe na pilipili, akamwekea sahani kwa heshima zote, kama mgeni yeyote. Danur hakula. Alibofya mpaka adhana ya magharibi ikasikika, ndipo akasukuma kiti nyuma, akasimama. Alimtazama Retno kama mtu anayetaka kutukana na kuomba kwa pumzi moja, halafu akavaa viatu vyake mlangoni na kutoka kwenye mvua bila mwavuli.

Servas akasogea kwenye ile kompyuta aufunge mchezo. Mjane alikuwa bado amefunga mlango, na skrini iliuliza kama mchezaji anataka kuhifadhi alipofikia.

"Nihifadhi, Mbak? Huenda akarudi."

Retno alifuta mikono kwenye aproni, akainama, akabofya Hapana.