Moto Chini ya Kifua

Mwaka niliozidi kunenepa, kila mtu alinisifu. Majirani zetu wa mtaa wa Muhumba walisema mume wangu ananitunza vizuri. Nilikuwa nimezaa mtoto wa tatu, na nguo zangu zote zilikuwa zimepelekwa kwa fundi kupanuliwa. Mimi mwenyewe nilifurahi, mpaka kifua kilipoanza kuniunguza.

Ilianzia darasani. Nafundisha darasa la pili, na kutwa nzima huinama juu ya madaftari ya watoto. Siku moja niliinama kumwonyesha mmoja jinsi ya kushika kalamu, moto ukapanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni, mdomo ukajaa maji machungu. Nilishika dawati nikasubiri. Watoto waliacha kuandika wakanitazama.

Sikumwambia mtu. Baba yangu alifia Kamituga, alikokuwa amekwenda kuuza nguo, na waliotuletea habari walisema asubuhi alilalamika kifua, saa sita hakuwapo tena. Tangu hapo, maumivu ya kifua kwangu yalikuwa na maana moja tu. Nikawa napapasa mapigo shingoni huku nikijifanya natengeneza kilemba. Nikala zaidi ili nipate nguvu, kisha nikajilaza, na moto ukazidi.

Mume wangu ndiye aliyegundua. Alinikuta ukingoni mwa kitanda baada ya chakula cha mchana, jasho likinitoka, akauliza imeanza lini. Nilipomwambia ni miezi minne, hakunigombeza. Alivaa viatu tu, akasema twende.

Hospitalini walipima moyo kwanza, wakaukuta mzima. Badala ya kutulia nikaogopa zaidi: kama si moyo, basi ni saratani. Asubuhi ya kupitishiwa kooni mpira mwembamba wenye kamera, nilimwagiza mume wangu ni dada yangu yupi alee watoto nikifa. Aliniomba ninyamaze.

Daktari, mwanamke wa makamo, alinichorea kwenye karatasi.

"Maman, tumbo yako inapanda kidogo," alisema. "Kuna tundu pale njia ya chakula inapita, na yako imepanuka. Uzito inasukuma kutoka chini. Ndiyo maana ukiinama inakuchoma."

Saratani hakuiona. Alisema hiyo ni aina ya ngiri, na hata wembamba huipata. Tundu huenda lisirudi kama zamani, lakini nikipunguza uzito, tumbo halitasukumwa sana na moto utapoa. Alinipa dawa, akaniambia nile kidogo kidogo, nisilale mara baada ya kula, nisifunge kitenge kwa nguvu. Na kifua kikiniuma nikipanda mlima, nirudi upesi.

Nilijitahidi, nikapungua, na moto ukapungua kweli. Ila sasa majirani walianza kunitazama kwa huruma. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima damu. Nikaanza kuogopa kioo, nisijue kama ninachokiona ni nafuu au ugonjwa mwingine.

Kisha mama akaja kutoka Mumosho. Hakukaa. Alinishika shavu.

"Mutoto yangu, nani anakunyima chakula?"

Nilimweleza yote, nikamwonyesha ule mchoro. Alisikiliza akitazama sakafu, nikadhani haamini. Halafu akasema polepole, "Hata mimi inanichomaka. Nikiinama kulima. Ni miaka mingi."

Mama ni mnene kunishinda. Alikuwa akinywa maji ya magadi na kuendelea na kazi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba baada ya baba hakutaka tuogope tena.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari yuleyule. Walimpima moyo, wakasema unahitaji kuangaliwa tena, wakampangia pia siku ya kupitishiwa mpira, wiki ijayo. Amekataa kuisubiri mjini, amerudi Mumosho; maharagwe yake yanataka palizi. Nampigia simu asubuhi na wakati wa mapumziko. Leo imeita mara mbili bila kupokelewa, na nimewaambia watoto wa darasa wasome kimya nipige tena.