Daktari wa Timu ya Watu Wawili

Nawaambia hii mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana bado inaniuma: mimi Wafula, fundi wa umeme, mtu mzima kabisa, nilijiaibisha mbele ya klabu nzima kwa kung'ang'ania kisanamu kimoja cha plastiki.

Klabu yetu hukutana Jumamosi kwa mkahawa mmoja pale Westlands, tunacheza mchezo wa mezani ambao nyinyi wote mko upande mmoja na majitu upande ule mwingine, mkipigwa mmepigwa wote. Kila mtu huchagua kisanamu chake, na mimi huwa Daktari. Tukiwa wanne wenzangu wanapigana, mimi nawatibu, tunashinda (bila mimi wangekuwa marehemu, na nilikuwa nawakumbusha kila wiki). Siku hiyo tulikuwa tunachagua kapteni, na hicho cheo nilikitaka mwaka mzima, hadi nikapiga shati pasi.

Wakasema wanipime kwanza, nicheze na mtu mmoja, wengine watazame. Nikapewa Mumbua, dada mgeni, ndiyo mara yake ya pili kuja.

"Tuko wawili tu," akaniambia. "Si uchukue huyu wa shoka?"

Nikacheka. "Dadangu, mimi nilizaliwa Daktari. Wewe chukua Mpelelezi, kazi yake ni kuchungulia na kukimbia."

Halafu nikasema tuombe, kama kawaida yetu, na nikaomba ombi refu, nikishukuru kwa ushindi kabla hata kete haijarushwa!

Mumbua akachungulia, akapata majitu matatu, akakimbia kurudi kwangu. Sasa nani ayapige? Hakuna! Yakampiga, nikamtibu, yakampiga, nikamtibu, dawa ikaisha, na huko nyuma watu wameanza kucheka, nami nikaropoka, "Ngojeni, huu ni mpango!"

Mumbua akaniangalia. "Wafula, unanitibu ndio nife nikiwa na afya?"

Mkahawa wote uliangua kicheko, hata mama wa chapati. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Tukarudia. Safari hii yeye akachukua shoka, mimi nikamfuata nyuma na dawa zangu, tukashinda. Kura zilipopigwa jina lake ndilo lilitajwa, na hata mimi nilimpa yangu, kwa sababu mgeni alihesabu watu mezani na mimi mzoefu sikuhesabu.

Siku hizi nahesabu vichwa kabla sijavua koti. Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha vibaya, tukafika wawili tu, mimi na kapteni. Sikungoja kuulizwa, nilichukua shoka.