Ndoana Haivutwi

Nakumbuka asubuhi moja niliyoisikia kabla ya kuiona. Nilikuwa bado nimelala nyuma ya pazia, katika nyumba ya kupanga kule Rwambuzi, mtaa wa Bunia, nikasikia chuma kikimwagika juu ya bati: chwaa, kimya, kisha chwaa tena. Haikuwa sauti ya misumari. Misumari hulia mara moja ikanyamaza. Hii ilikuwa sauti ya vitu vinavyoshikana, vinavyokataa kuachana. Nikafunua pazia. Mama alikuwa amechuchumaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, kopo tupu la maziwa ya unga katikati ya magoti yake, akimimina humo ndoana za kaka yangu, kubwa kwa ndogo, na kuzikoroga kwa kijiti kama mtu anayekoroga uji.

Mwanangu, ili uelewe ubaya wa uji ule, lazima nikuambie kwanza jinsi yaya Faustin, kaka yangu mkubwa, alivyokuwa akipanga vitu vyake.

Tulizaliwa Tchomia, kando ya ziwa, na ziwa hilo ndiyo shule pekee aliyoimaliza. Vita vilipotufukuza tukapanda hadi mjini Bunia, kila mtu alibeba alichoweza. Yeye alibeba bidoni, dumu la njano lililokatwa ubavu likawa sanduku la kuvulia. Ndani yake kila kitu kilikuwa na kitanda chake. Ndoana kubwa, za samaki tunaowaita kapiteni, alizichomeka katika soli ya kandambili ya mguu wa kushoto; ndoana ndogo za tilapia, katika soli ya mguu wa kulia. Nailoni alizizungushia magunzi ya mahindi. Gunzi la nailoni nene lilikuwa na uzi wenye mafundo mawili, la nyembamba fundo moja. Vyambo vya uongo, alivyovikata mwenyewe kutoka vijiko vikuukuu na kuvivika nyuzi nyekundu za gunia, vililala katika kopo la sadini, kila kimoja kimeviringishiwa kitambaa kisishikane na mwenzake. Kisu kilikaa mdomoni mwa bidoni, mpini juu.

Jioni alikuwa akifumba macho, mimi nikimtajia. "Kapiteni!" "Nailoni nyembamba!" Mkono wake ulikwenda na kurudi bila kupapasa, kama mtu anayegusa pua yake mwenyewe. Nilidhani ni mchezo wa kupitisha saa. Sikujua kwamba kule ziwani wavuvi walikuwa wameacha kuwasha taa.

Ilikuwa miaka ile ya amani isiyokaa kitako. Magari meupe ya askari wa amani waliotoka mbali yalipita barabarani, redio ilisema vita vimekwisha, na jioni tulifunga madirisha mapema bila kuambiwa na mtu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Amani yetu ilikuwa inasemwa sana. Faustin alibeba magunia sokoni tangu alfajiri, akarudi na unga wa siku moja na mgongo wa mzee. Mkono mtupu haulambwi, nasi tulikuwa wengi wa kuulamba huo mkono mmoja. Kwa hiyo alikuwa ameamua kurudi ziwani. Na ziwa hilohilo ndilo lililombakiza baba yetu. Upepo ulirudisha mtumbwi, yeye hapana. Tulikaa matanga bila kaburi.

Basi asubuhi ile Faustin alirudi kutoka kuchota maji, akaona kopo, akaona na mbabula, ambamo kandambili zake zilikuwa zinatoa moshi mweusi.

"Mama, weye njo umechanganya ndoana zangu?"

"Panya."

"Panya njo imechoma kandambili mu moto?"

"Panya ya Bunia iko na akili," alisema Mama, akipepea makaa.

"Mama, ile gari ya Tchomia itashuka juma hii. Banasema amani imerudi."

"Imerudi? Mbona haijapita hapa kutusalimia? Ama inaogopa matope ya Rwambuzi?"

Faustin alilichukua kopo. Alikaa kwenye mkeka, akaanza kuzitenganisha ndoana moja moja, na kazi hiyo ikamla asubuhi nzima, magunia ya sokoni yakimngoja. Kesho yake Mama akazikoroga tena. Kesho kutwa vilevile. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna siku Mama alimwambia "usiende", wala hakumwambia "naogopa". Alisema yote kwa kopo lile. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini uchungu usiopewa mdomo hujitafutia mikono, na mikono yake huwa mibaya. Nami nilikuwa msichana tu, niliona Mama ana hekima. Vitu visipopangika, nilijiambia, kaka habanduki.

Gari ilipopanda kutoka ziwani, ilimleta Tantine Berta, dada wa marehemu Baba. Yeye hakuwahi kuondoka Tchomia muda mrefu. Alikausha samaki kwa moshi, akawaleta Bunia kuwauza, na moshi ule ulikuwa umeingia hadi kwenye nywele zake. Alitua kapu lake, akanisukuma kichwa kwa utani, "Na huyu, mume bado?" Kisha akaona kopo.

"Nani alipika hii supu?"

Faustin alitazama chini. Mimi nilitazama paa.

"Njo miye," alisema Mama mwishowe. "Siwezi kulia mara mbili mu ziwa moja."

Tantine Berta akaketi. Hakucheka tena.

"Mama Faustin, mutoto anaenda. Nimemuangalia macho, anaenda. Ukimuchafulia vitu, hatabakia. Ataenda na huu uchafu."

Kabla hatujamwelewa, alifumba macho, akatumbukiza mkono wote ndani ya kopo, kwa haraka, kama mvuvi anayedaiwa na samaki.

Nilisikia pumzi yake ikikatika. Alipoutoa mkono, ndoana ya kapiteni ilikuwa imezama katika kidole gumba, na ndogo zilining'inia juu yake kama vifaranga. Damu ilishuka hadi kiwikoni. Aliuinua mkono ule mbele ya uso wa Mama.

"Hapa iko nyumba. Iko kavu, haitikisike. Hakuna mutu ananifukuza. Sasa mutoto wako, mu giza, mu mawimbi, taa hawezi kuwasha kwa sababu bale ba bunduki banafuata mwangaza, yeye atashika nini?"

Mama alirukia kidole kile. Akaishika ndoana, avute.

"Usivute! Ukivuta, unapasua. Weye muke wa muvuvi, hujui? Ndoana haijui kurudi. Sukuma."

Na Mama akasukuma, mwanangu. Alisukuma huku analia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku za matanga, mpaka ncha ikatokeza upande wa pili wa kidole. Faustin akaikata kwa koleo, na chuma kilichobaki kikateleza chenyewe. Tantine hakulia. Alisema tu, meno yameumana, "Polepole, mama. Hii iko kidole, haiko muhogo."

Alasiri hiyo Mama alivua kandambili zake mwenyewe, akaziosha, akakata mikanda kwa kisu na kuziweka mbele ya mwanawe.

"Kushoto njo kubwa?"

"Kushoto njo kubwa, Mama."

Walipanga pamoja mpaka mwanga ukapungua. Kisha Mama akafumba macho yeye mwenyewe, ajaribu. Alikosea, akachomwa, akarudia. Alirudia mpaka alipoweza kumpa Faustin chochote alichotaja bila kuangalia. Siku zilizofuata alitembea miguu mitupu katika matope ya Rwambuzi, na majirani wakamcheka, naye hakuwaeleza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitaki kukudanganya. Yaya Faustin alirudi mara nyingi. Alirudi na samaki, tukala, mimi nikaolewa kwa heshima. Na safari moja hakurudi. Wenzake walituletea bidoni yake, kila kitu kikiwa mahali pake. Mpangilio si hirizi, mwanangu. Risasi haiulizi kama sanduku lako ni nadhifu. Lakini katika safari zile zote alizorudi, ni mkono wake uliomrudisha, nami sitazihesabu kuwa si kitu kwa sababu ya ile moja.

Kwa hiyo zana yako, iwe ndoana, iwe sindano, iwe ufunguo, ipe mahali pamoja. Irudishe hapo hata ukiwa umechoka; hasa ukiwa umechoka. Siku ya hofu akili hukimbia kwanza, mkono ndio hubaki, nao utashika tu kile ulichoufundisha wakati wa utulivu. Na ukimpenda mtu anayeelekea kwenye hatari, usimkorogee vitu vyake ukidhani unamlinda. Mwambie hofu yako kwa mdomo, mbele ya macho yake. Akikusikia, mshukuru Mungu. Asipokusikia, kaa chini umsaidie kupanga.

Baraka yangu mwenyewe ni nyepesi, mwanangu, kwa hiyo nakupa ile aliyopewa yeye. Ilikuwa alfajiri ya safari yake ya kwanza, mvua nyembamba, gari ikipiga honi kule barabarani. Mama aliishika mikono yote miwili ya Faustin, akaigeuza viganja juu, akavipulizia pumzi yake.

"Mungu wa baba yako akupe maji yaliyolala," alisema. "Akupe mikono inayoona. Na ukipotea njia, upotelee upande wa kwetu."

Faustin alifungua kinywa, atamke neno. Mama, ili baraka ibaki neno la mwisho, akamshika mabega, akamgeuza uso uelekee barabara, akangoja mguu wake wa pili uvuke kizingiti, akafunga mlango.