Tangi la Mafuta na Kambi ya Mwisho

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mashine ya kusaga ya kijiji chetu kule Goweko ilipogoma kuwaka, na baba yako akafungwa kamba kwa sababu yake. Sikupanga kukusimulia haya. Nimechoka, magoti yananiuma, na nilikuja kwako hapa Tabora mjini nipumzike kidogo. Lakini tangu jana ulipoibadilisha mfumo hiyo kompyuta yako, nayo ikabaki na kioo cheusi, nyumba hii haina amani. Umechomoa nyaya, umeifungua mgongo kwa bisibisi, umeipigapiga kama redio ya zamani. Halafu ukamgeukia mkeo: "Wewe ndiye uliyeigusa!" Sasa Tatu yuko jikoni anachambua mchele, na machozi yanamdondokea kwenye ungo. Weka bisibisi chini. Kaa.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, kila mtu bado anazoea jirani yake. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, viganja vimejaa malengelenge ya mchi. Injini ya kusagia ilikuwa kuukuu, leo inawaka, kesho haiwaki, nasi tukirudi kwenye kinu. Kwa hiyo kijiji kilipopata injini mpya ya dizeli, wanawake tulipiga vigelegele mpaka makoo yakakauka.

Baba yako Maganga ndiye aliyekuwa mwendesha mashine. Alikuwa msemaji yule, wee! Akasimama mkutanoni akasema, "Hii ya zamani bado haijatushinda. Tuitengeneze kwanza." Watu wakaguna. Siku hizo kupinga jambo la kijiji mbele ya mwenyekiti halikuwa jambo dogo, nami nilimvuta shati akae.

Fundi akaja kutoka mjini, akaifunga injini mpya, tangi la mafuta akaliweka juu, kwenye rafu ya ukutani. Akaiwasha, ikanguruma vizuri, tukasaga, akaondoka zake. Jioni mwenyekiti akalitazama lile tangi, akasema hapo juu wezi watalichukua. Akaamuru lishushwe, liwekwe sakafuni ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Sanduku lenyewe lilipakwa rangi ya kijani, na sote tukalisifu.

Kesho yake Maganga akazungusha hendeli. Kimya. Akazungusha tena mpaka jasho likamtiririka. Kimya. Wanawake tumejipanga na madebe ya mahindi, watoto wanalia njaa. Mwenyekiti akaja, akamtazama baba yako kuanzia juu mpaka chini.

"Si huyu aliyeikataa mkutanoni? Hii ni hujuma!"

Mgambo wakamkamata, wakamfunga mikono kwa kamba ya katani, wakamkalisha juani wakisubiri gari la kumpeleka polisi. Kila alipofungua mdomo aseme neno, walimkatiza: "Nyamaza, kupe wee!" Huku ndani kila mwanamume amegeuka fundi. Huyu anabadilisha mkanda, yule anafungua skurubu asizojua kuzirudisha, mwingine anamwagia injini maji eti imepata joto, na haijawaka hata mara moja. Mimi nilikuwa nalia tu. Nilijua akipanda lile gari, sijui nitamwona lini.

Ndipo akatokea Bibi Nyamizi, mkongwe kuliko wote pale kijijini, anatembea na fimbo. Akatusalimu, "Mwangaluka," tukaitikia shingo upande. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Akamtazama Maganga pale juani, akashusha pumzi.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Mzigo ukipotea njiani, hawakumpiga mtu kwanza, wala hawakurudi mpaka walikoanzia safari. Walirudi kambi ya mwisho, pale mzigo ulipoonekana mara ya mwisho, wakaanza kutafuta kutokea hapo. Haya, niambieni. Mashine hii mara ya mwisho mliisikia lini?"

"Jana, bibi. Fundi akiwepo."

"Na tangu fundi aondoke, mmegusa nini?"

Watu wakatazamana. Macho yakaenda taratibu kwenye lile sanduku la kijani. Mwenyekiti akakohoa.

"Ni tangi tu, bibi. Tulilishusha."

"Basi lirudisheni lilipokuwa. Na mfungueni huyo, ndiye anayeijua kazi."

Wakamfungua. Tangi likapandishwa rafuni, kwa maana dizeli ile ilikuwa ikishuka yenyewe kwenda kwenye injini, wala haikuweza kupanda. Baba yako akailegeza nati ya bomba, hewa ikatoka, mafuta yakafuata. Akashika hendeli kwa mikono iliyovimba, akazungusha. Ikawaka! Vigelegele, vumbi, watu wanakumbatiana. Mwenyekiti akacheka: "Yamekwisha, ndugu Maganga. Haya, tusagie."

Bibi Nyamizi hakucheka. Akasema, "Mashine mmeiwasha. Na huyu je?"

Hakuna aliyesema hata samahani. Baba yako alisaga mahindi ya kila mtu siku ile, jioni akamkabidhi mwenyekiti ufunguo, na hakuingia tena mle ndani. Mkutanoni hakusema tena. Hata nyumbani, mwanangu, maneno yalimwisha. Wewe ulimjua baba wa kuitikia kwa kichwa, ukadhani ndivyo alivyozaliwa. Mimi niliolewa na mwanamume aliyekuwa akiongea mpaka majirani wanalalamika. Nimemkumbuka huyo miaka yote, hata alipokuwa amekaa kando yangu.

Sasa nisikilize. Mambo ya kompyuta siyajui, ila kazi ni kazi. Kitu kikigoma baada ya kukibadilisha, usikivuruge chote. Rudi kambi ya mwisho. Jiulize mkono wako uligusa nini tangu kilipokuwa kizima, kirudishe hicho kimoja, ujaribu, ndipo uende kwa kingine. Hako kadude ulikokachomeka ubavuni mwake jana wakati wa kubadilisha, mbona bado kako hapohapo? Nimekaona tangu asubuhi. Pengine siko kenyewe, lakini si Tatu aliyekachomeka.

Na usitafute mtu kabla hujatafuta kosa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Injini ikizima, kuna hendeli ya kuizungusha. Kwa baba yako niliitafuta hendeli hiyo mpaka tukamzika, sikuiona.

Mungu akupe mikono ya taratibu na ulimi wa taratibu zaidi. Akuzeeshe na mkeo mkiwa bado mnaongea. Haya, inuka. Kompyuta itangoja, anza na jikoni.